Mkalimani wa Shangazi

Watu wa Mlali wakimtaja Mkalimani hucheka kwanza, ndipo huanza kusimulia. Mimi nimechoka na kicheko hicho. Si kwamba hakuchekesha. Alichekesha mno, na utotoni nilikuwa wa kwanza kushika mbavu. Lakini mtu aliyesimama mbele ya watu kila Jumamosi kwa miaka karibu ishirini, akisema kwa niaba ya mwanamke ambaye hajawahi kukutana naye, anastahili kukumbukwa kwa zaidi ya vichekesho viwili vitatu. Na mimi nina jambo langu naye. Sentensi moja aliyoitamka ndani ya ghala la mazao, alasiri moja, ndiyo iliyomfukuza baba yangu nyumbani. Miaka yote hiyo niliamini kuwa sentensi ile ilikuwa ya yule mwanamke wa kwenye sinema. Mwaka huu nimejua haikuwa yake, na nikamtafuta Mkalimani nimuulize.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupima mvua. Kila asubuhi saa tatu alifungua uzio wa waya pale kituo cha kilimo, akachungulia ndani ya kipimo, akaandika alichokiona. Kwetu mvua ni ya kubahatisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake aliandika sifuri. Hakukasirika. Ukimuuliza habari za kazi alijibu, "Haikuja leo, lakini mimi nilikuwepo." Alisema hivyo kwa sauti ile ile mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa, na baadaye watu wakaanza kuitumia kwa kila kitu kisichokuja: daktari, lori la mbegu, mchumba.

Mashine ya sinema aliachiwa na mmisionari mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa mashine, jenereta ndogo, mikebe kumi na mmoja ya mikanda, na rundo la magazeti ya picha. Ndani ya mikebe hiyo mlikuwa na sinema tisa, kwa sababu mbili kati yake zilikuwa ndefu na kila moja ilijaza mikebe miwili. Zote tisa zilikuwa za mwigizaji mmoja. Mzungu yule hakuwahi kuoa, na waliopenda kusema walisema ndiyo sababu.

Mwigizaji mwenyewe alikuwa Mmarekani wa enzi za picha zisizo na rangi. Jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye kila mkebe, lakini Mkalimani hakutaka tulitamke. Alisema tutalivunjavunja bure, na isitoshe si lake, alipewa na mabosi siku walipomwajiri. Akamwita Shangazi. Kwetu shangazi ndiye anayeitwa ndoa ikikwama. Husema bila kuzungusha, na akishasema hata wanaume hutazama chini. Jina likashika siku hiyo hiyo.

Tarehe kwenye mikebe zilikuwa zimefutika, kwa hiyo alizipanga sinema mwenyewe kwa kutazama shingo ya Shangazi. Uso hupakwa, alisema, shingo huisahau. Alizionyesha kwa mpangilio huo, kuanzia shingo laini hadi shingo yenye mikunjo, na zikiisha anaanza upya. Hivyo mara kadhaa kila mwaka tulimwona Shangazi akiwa msichana, akipanda, akivuma, akishuka, akizeeka, kisha akiwa msichana tena. Tuliijua kazi yake ilivyokwenda kama tunavyojua lini kulima na lini kupalilia.

Katika sinema ya kwanza anaingia na sinia, analiweka mezani, anatoka. Ni hayo tu. Mkalimani alisimamisha mashine pale pale na kumgusa kwa fimbo kwenye shuka jeupe lililowambwa mbele yetu. Alituambia tumkumbuke akiwa na sinia, maana tutakuja kumwona anabebewa yeye. Katika ya pili anasema maneno machache, na Mkalimani aliyatafsiri polepole kama anayesoma barua ya mtu. Katika ya tatu ni bibi harusi, na ndipo uso wake ulipojaza shuka zima kwa mara ya kwanza. Wanawake waliguna. Hatukuwa tumewahi kumtazama mtu mzima kwa karibu namna ile bila yeye kutuuliza tunatazama nini.

Yale ambayo hayakuwa kwenye mikanda aliyatoa kwenye magazeti. Alitueleza kuwa mabosi walimnyoa nywele za mbele ili paji la uso liwe pana, wakamfundisha kutembea upya mtu aliyekwisha kujua kutembea, wakamkataza kuonekana barabarani akitafuna. Alitueleza pia kuwa katikati ya kuvuma kwake aliletewa sinema mbovu, akaikataa, nao wakamwadhibu kwa kumkalisha nyumbani mwaka mzima bila kazi. Akakaa. Mkalimani aliupenda mwaka huo kuliko sinema zote tisa. Kwa ajili yake, kati ya sinema ya tano na ya sita aliiacha Jumamosi moja tupu. Ghala lilifunguliwa, magunia yakatundikwa madirishani kuzuia jua, shuka likawambwa, watu wakaingia na kukaa. Mashine haikuwashwa. Alisimama mahali pake akatangaza, "Leo Shangazi amekataa kazi." Tulikaa tukitafuna karanga na kutazama shuka jeupe, tukazungumza yetu, saa moja ikipita tukaenda nyumbani. Wageni walidhani tuna kichaa. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Baada ya ile ya sita alianza kushuka. Katika ya saba ni mama wa msichana anayeposwa. Katika ya nane ni mama mwenye nyumba anayegonga mlango kudai chumba chake. Katika ya tisa ni bibi kizee kwenye benchi la stesheni, anauliza treni ya saa ngapi, anaambiwa, basi. Mkalimani alisimamisha mashine hapo pia. Alitaka tuone kuwa muda aliopewa kwenye benchi ni ule ule aliopewa akiwa na sinia. Wanaume walikuwa wameshaanza kuondoka, lakini wanawake walibaki. Bibi mmoja jirani yetu alisema ndivyo ilivyo popote: unaanza kwa kubeba vyombo vya wenzako, unamaliza kwa kuwauliza watoto saa.

Sasa niseme alivyofanya kazi. Alisimama upande wa kulia wa shuka, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata kwenye joto la Novemba. Hakutia sukari kwenye chai siku ya sinema, alisema inakwaruza koo. Wanaume wote wa kwenye sinema, awe jaji au jambazi, aliwapa sauti moja ya kivivu, kama mtu anayejibu akiwa amelala. Shangazi alimpa sauti yake mwenyewe. Hakujifanya mwanamke, hakubana pua. Alisema kawaida tu, na baada ya dakika mbili tulisahau kuwa sauti inatoka upande wa kulia. Neno kubwa alilirudia kwa Kigogo kwa ajili ya wazee. Wakibusiana aligeukia ukutani akasema, "Hapa wanaongea mambo yao," akakaa hivyo mpaka wamalize. Alijuaje kuwa wamemaliza, sijui hadi leo.

Na aliongeza chumvi, hilo kila mtu alilijua. Shangazi alikuwa na habari nyingi mno za Mlali kwa mtu wa Amerika. Akiwa katikati ya karamu, amevaa lulu, angeweza kumgeukia waziri na kusema amesikia kuna mbuzi wa mtu fulani wanaoingia kwenye mtama wa wajane, na mwenye mbuzi anajifanya haoni. Ghala lilipasuka kwa kicheko. Mwenye mbuzi alitazama miguu yake, na kesho yake mbuzi walifungwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anamwonea wivu.

Nilipofika sekondari na Kiingereza kikaanza kuniingia, nilijiona nimepata fimbo ya kumchapia. Likizo moja nilimfuata baada ya sinema, nikamwambia mahali pengi Shangazi hakusema hivyo. Alikuwa anakunja shuka. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba mimi nimesikia maneno, yeye amemsikia mtu. Nililiona ni jibu la mtu asiyejua Kiingereza. Baadaye, nilipokuwa mwalimu wa Kiingereza mwenyewe, nimewahi kulitumia darasani bila kusema nimelitoa wapi.

Jambo lililonishinda kwake ni hili. Mtu yule yule aliyemtilia Shangazi hotuba nzima kinywani hakuweza kuongeza tone moja kwenye daftari la mvua. Mwaka mmoja wa ukame walikuja maofisa waliotaka kiwango cha mvua kionekane kizuri kidogo, wakamwomba azungushe kalamu. Aliwakatalia wakubwa wale kwa adabu, akawafungulia uzio wachungulie wenyewe. Tena, huyo aliyewafundisha wanawake wa Mlali kujibu, nyumbani kwake alikuwa bubu. Mkewe hakukanyaga ghalani hata siku moja. Alisema hana haja ya kwenda kusikiliza sauti ya mumewe kwa watu ilhali nyumbani haisikii.

Nimezunguka vya kutosha. Sinema ya sita ni ya mlango.

Shangazi ana mume ambaye amemwacha akaenda kuishi mji mwingine na mwanamke mwingine. Nusu ya sinema anahangaika peke yake na nyumba na mtoto. Mwishoni mume anarudi, mvua kubwa inanyesha, anagonga. Shangazi anafika mlangoni, anashika komeo, uso umejaza shuka. Anasema kitu kupitia mlango uliofungwa. Na mkebe ukaishia hapo. Mkalimani alituambia sinema imekwisha, na sisi tulikuwa tumeshazoea kuwa mambo ya Mlali huisha katikati.

Alichomsemesha Shangazi pale mlangoni ni hiki: "Ulikoshinda ndiko ukalale."

Alikisema polepole, bila hasira, kisha akakirudia kwa Kigogo. Mwanamke mmoja akapiga makofi, wakafuata wote, na wanaume nao wakapiga kwa sababu kutopiga kungewaanika.

Baba yangu wakati ule alikuwa Mtera. Alikwenda bwawani kuvua kwa miezi mitatu, miezi ikawa misimu, na kila mtu alijua ana nyumba nyingine huko. Mama alilima peke yake, akavuna peke yake. Kila mwaka baba alirudi mavuno yakishaingia ndani, akala nasi wiki mbili tatu, akapakia magunia yake, akaondoka. Mimi nilimpenda. Nasema bila aibu, kwa sababu nimewahi kuambiwa kuwa nikisema hivyo namdharau mama. Alinibeba mabegani nikiwa mkubwa wa kutembea mwenyewe. Alininusisha mikono yake nikisie ni samaki gani.

Alirudi Alhamisi baada ya Jumamosi ile. Nilikuwa na miaka tisa, niko ndani na mama, tunapepeta karanga. Aligonga akaita jina langu. Nikainuka. Mama akanishika bega akaenda yeye, akashika komeo, akasimama. Nilimwona mgongo tu. Akasema maneno yale, polepole, kwa sauti ya Mkalimani kabisa. Nje baba alicheka, akidhani ni mzaha. Akangoja. Majirani walikuwa wametoka kutazama, na mmoja wao akapiga makofi kama alivyopiga ghalani. Nadhani baba angestahimili yote isipokuwa makofi. Tulipofungua asubuhi tulikuta furushi la samaki wakavu limewekwa mlangoni.

Hakurudi tena. Baada ya miaka miwili mchuuzi wa samaki alituletea habari kuwa homa ilimpata kambini na wameshamzika huko huko.

Mama akawa mtu wa kutajwa. Wanawake wawili wengine walifunga milango yao mwaka ule, mmoja kwa faida na mmoja kwa hasara. Sentensi iliimbwa kwenye mashine ya kusaga, ikafundishwa mabinti. Mama mwenyewe hakuirudia, na mimi sikumwuliza. Nilikua nikiwa na hasira isiyo na pa kwenda. Mama sikuweza kumkasirikia, nilimwona anavyoamka. Mkalimani naye alikuwa ametafsiri tu. Nikamkasirikia Shangazi, mwanamke asiyejua hata kwamba kuna mahali panaitwa Mlali, na Jumamosi ya sinema ya sita sikukanyaga tena ghalani. Niseme ukweli, ilinisaidia. Mtu wa mbali ni rahisi kumchukia.

Mama tulimzika mwaka huu, mwezi wa nne. Msibani wanawake wazee walimsimulia kwa sentensi ile moja, wakacheka na kufuta macho. Nilirudi Dodoma nikiwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauisaidii. Jumapili moja nilikumbuka jina lililokuwa kwenye mikebe, nikalitafuta kwenye simu. Sinema ya sita ilikuwepo, nzima. Nikaitazama peke yangu sebuleni.

Shangazi anafika mlangoni, anashika komeo, anasema kwa Kiingereza chepesi ambacho hata kidato cha kwanza wangekielewa. Anasema alidhani mumewe amesahau njia. Sinema haiishii hapo. Anafungua. Kuna dakika kumi zimebaki, na kwa dakika kumi zote mlango uko wazi.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza mara nne. Kisha nikampigia simu kila niliyemjua wa Mlali, mpaka nikapata alipo Mkalimani.

Alikuwa hapa hapa Dodoma, Nkuhungu, kwa binti yake aliyemleta macho yalipomshinda. Ilikuwa Julai, ule upepo wa baridi unaokausha midomo. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, amejifunika blanketi, shati limefungwa hadi juu. Nyumba ya jirani ilikuwa inapandishwa ghorofa, na vumbi la saruji lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. "Nani mwenzangu?"

Nilijitaja kwa jina la mama. Akanipa pole ya msiba, akasema alisikia, miguu tu ndiyo iliyomzuia. Binti yake akaleta chai na kuondoka. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri kwa siku tatu, na yote yakanitoka.

"Hakusema," nilimwambia. "Shangazi hakusema ulikoshinda ndiko ukalale. Na mlango anaufungua."

"Anaufungua," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa abishe. Alipokubali nikakosa pa kushika, nikaanza kupandisha sauti uani kwa mtu. Nilimwambia alikuwa na haki ya kuchezea mbuzi wa watu, hakuwa na haki ya kuchezea baba yangu. Nilimwambia nimekua bila baba kwa ajili ya makofi yake. Aliniacha nimalize. Mafundi wa jirani walikuwa wamenyamaza wakisikiliza.

Kisha akanieleza, na alieleza kama mtu anayesoma daftari, bila kujitetea.

Ule ulikuwa mwaka wa kwanza wa sinema, hakuna aliyekuwa ameziona isipokuwa yeye, aliyezipitisha kwanza ukutani kwake ili ajiandae. Katika ile Jumamosi tupu, watu wakitafuna karanga, alidokeza kuwa wiki ijayo Shangazi ameachwa na mume, na mume anarudi. Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, mama yangu alimfuata kwenye uzio wa kipimo cha mvua. Alimwuliza mwisho wake unakuwaje. Akamwambia Shangazi anafungua. Mama akasema asifungue.

"Nilimwambia mama yako, una kinywa, mwambie mumeo mwenyewe," alisema Mkalimani. "Akaniambia, 'Nikisema mimi ni mke mkorofi. Akisema Shangazi ni sinema.'"

Sentensi ilikuwa ya mama. Alikuja nayo imekamilika, akamsomesha pale kwenye waya mpaka akaishika. Hata kwamba isemwe polepole bila hasira yalikuwa maagizo yake. Dakika kumi za mwisho zilikuwa kwenye mkebe wa pili, kwa hiyo haikuwa kazi kuziacha. Mimi nilidhani mama alisema kwa sauti ya Mkalimani. Kumbe Mkalimani ndiye aliyekuwa amesema kwa sauti ya mama.

Nilijikuta nacheka kidogo, na ndani ya kicheko mna fahari. Nikasema basi nimekosea, nimemtukana mzee wa watu bure, nikamwomba radhi. Nilianza hata kuinuka.

"Kaa," alisema. "Alikuja tena."

Ilikuwa mwaka na nusu baada ya pale. Baba alikuwa ametuma neno kwa mchuuzi wa samaki kuwa anaumwa na anataka kurudi nyumbani. Neno hilo mimi sikuwahi kulisikia. Mama alilipokea, akakaa nalo siku mbili. Alitaka arudi. Lakini sentensi ilikuwa imeshakuwa ya kijiji, inaimbwa mashineni, wanawake wawili wamefunga milango kwa kumtazama yeye. Akimfungulia mume aliyemfukuza mbele ya watu atachekwa kutoka Mlali hadi Kongwa, na wale wawili watasema amewasaliti. Akarudi kwenye uzio saa tatu asubuhi. Akamwomba Mkalimani aonyeshe mkebe wa pili.

"Alisema hivi," Mkalimani akaniambia. "'Akifungua Shangazi, na mimi nitafungua.' Nikamwambia mkebe umeharibika."

"Ulikuwa umeharibika?"

"Haukuwa."

Nikamwuliza kwa nini. Alifungua kifungo cha juu cha shati, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akajipangusa shingo. Alisema makofi ya sinema ya sita yalikuwa yanasikika hadi barabara kuu. Alisema watu walikuwa wanatoka vijiji vya mbali kuja kusikia sentensi ile, na angewaonyesha mlango unafunguka wangemwona mwongo wa tangu mwanzo. Akaniambia kuwa mengine yote aliyoyaongeza katika maisha yake aliyahesabu ni ukalimani, ila siku ile kwenye waya alidanganya. Mama hakubishana naye. Alimtazama akiandika sifuri, akaondoka. Habari za kifo zilikuja miezi sita baadaye.

Nilimchukia kwa muda fulani, chai ikipoa mkononi. Niliwaza miezi sita ile, na mama anayeamka na kulima, akijua. Kisha hata chuki ikanichosha. Mbele yangu alikuwa mzee asiyeona, mwenye vumbi la nyumba ya mtu mwingine usoni, na mimi ndiye mtu wa kwanza kumwuliza.

Akaniuliza kama ile sinema ninayo hapo.

Nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaiweka kwenye mkebe wa pili, yaani mahali ambapo kwetu ilikuwa inaishia, nikaisogeza sikioni kwake. Mvua ya kwenye sinema ikaanza kunong'ona. Alikunja uso, akatikisa kichwa. Masikio nayo yalikuwa yanamshinda, na kile Kiingereza alichonacho kilikuwa kimeshapungua.

"Yuko wapi?"

"Ameshika komeo," nikasema. "Anavuta. Mlango umefunguka."

"Anasema nini?"

Nilingoja Shangazi aseme, ingawa nilikuwa naijua sentensi hiyo kwa moyo. "Anasema, 'Ingia, umelowa.'"

"Na yule bwana?"

"Hasemi kitu. Anaingia."

Mkalimani aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Nilidhani amesinzia, nikaanza kuizima simu. Akanigusa mkono.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Paza sauti kidogo. Mama yako alikuwa anakaa nyuma."

Nikarudia kwa sauti.